Ndevu za Shangazi Modesta

Nilikuwa bado mtoto, miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huko Titye, na tayari nilikuwa nimechoshwa na habari za nyama ya mbuzi. Wazee wetu walisema mwanamke akiila huota ndevu na tumbo lake hufunga. Shangazi Modesta, dada yake baba, alikuwa na vinyweleo kidevuni ambavyo alivinyoa kwa wembe, na miaka mingi ya ndoa bila mtoto. Kesi ikawa imekwisha. Bibi, mama yake mzazi, aliapa kwamba hakuwahi kumpa mbuzi, kisha akaanza kujiuliza kama binti yake aliiba kipande utotoni.

Mganga akaletwa. Shangazi akanyweshwa mizizi michungu, akatapika, akanyweshwa tena.

Siku moja aliaga kwamba anakwenda Kasulu kuuza maharage, akanichukua nimsaidie kubeba. Njiani aliniambia, "Usiseme nyumbani. Nimechoka kunyweshwa."

Tukaenda hospitali. Daktari, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, jambo la kwanza alilomuuliza lilikuwa hedhi. Ilikuja mara moja moja tu kwa mwaka. Mengine Shangazi alinieleza nilipokua: kwamba mayai yake yalikuwa hayakomai, kwamba hata ndevu zilitokana na ugonjwa huohuo, na kwamba chakula hakihusiki. Vidonge viliagizwa Dar es Salaam. Alivimeza kwa siri kwa miezi kadhaa, huku mizizi ya mganga akiimwaga migombani.

Mimba ikashika. Alipozaliwa Yustina, mganga alipelekewa jogoo na pombe ya ndizi, na Bibi akacheza mpaka khanga ikamdondoka. Nilifungua mdomo niseme. Shangazi akanikazia macho.

Miaka baadaye nilimuuliza kwa nini aliacha sifa zote ziende kwa mganga.

"Walinisema miaka yote hiyo," alijibu. "Ningebishana, wangeanza kumsema na mtoto."

Namwelewa. Lakini mpaka leo inanikera kwamba alitibiwa kwa kujificha, kama mtu anayeiba. Na linalonikera zaidi ni lile swali la hedhi. Uani kwetu walijaa mama, bibi, mawifi na majirani, wote wakiujadili mwili wake kutwa nzima. Walikuwa wanawake kama yeye, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.