Ubavu wa kamionete ya Muzee wangu ulivyotoka kwa wakwe Waprotestanti

Wakuu, amani kwenu popote mlipo. Niko Butembo, ukungu haujatoka, kikombe cha kahawa kiko mkononi. Haya sikuhadithiwa. Mimi ndiye nilikuwa nashika usukani, na mashahidi wako kuanzia hapa mpaka Beni.

Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia. Mkikwama, ulizeni.

Muzee wangu ana kamionete ya zamani, pikapu ya kijani iliyokolea kama sombe, yaani kisamvu. Aliinunua akiwa kijana, akabeba nayo viazi vya Lubero, akazeeka nayo. Marehemu mama alikuwa anasema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ana magurudumu.

Muzee pia ndiye mkubwa wa kwaya ya parokia yetu. Mkatoliki mpaka kwenye mfupa.

Sasa dada yangu mdogo, Kavira, akapata mchumba Beni, anaitwa Muhindo. Mwalimu, mpole, hanywi, hagombani. Kasoro moja tu: Mprotestanti. Na babake ni mzee wa kanisa kabisa.

Muzee hakukataa ndoa. Mbuzi wa mahari aliwapokea vizuri, na mmoja akamla siku ileile. Mais (yaani lakini) akasema harusi yenyewe, ndani ya lile kanisa, hataweka mguu.

"Muende nyinyi. Mimi nitabaki kuchunga nyumba."

Nyumba ambayo tangu nizaliwe haijawahi kuchungwa na mtu.

Kavira hakubishana naye. Alinipigia simu mimi, kaka yake mkubwa. "Yaya, nani atanifikisha mbele?"

Turudi kwa kamionete.

Zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya harusi, nilikuwa Kasindi, mpakani, kwenye foleni ya douane, yaani forodha. Lori la mbele likaanza kurudi nyuma. Nikapiga honi, nikapiga kelele, nikapiga na ishara ya msalaba. Wapi! Kona yake ikaingia ubavu wa kushoto wa karoseri (bodi), kuanzia nyuma ya kabini mpaka kwenye taa. Bati ikakunjana kama chapati.

Dereva akashuka, akaangalia, akasema: "Pole, papa. Mais hii gari ilikuwa imeshachoka." Akapanda, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani, Muzee alitoka, akaizunguka, akaweka kiganja pale palipokunjika. Hakunitukana. Bora angenitukana. Jioni ile hakwenda mazoezi ya kwaya, na sisi watoto tukaangaliana.

Nikamwita Mbusa, toliye, yaani fundi wa bati. Akapiga nyundo mara moja tu, kutu ikamwagika chini kama pilipili ya unga.

"Hapa bati hakuna tena," akasema. "Iko rangi tu, inashikana mukono na rangi. Ubavu muzima utoke."

Tukatafuta Butembo nzima. Hakuna. Gari za aina ile zimebaki kwenye picha za ukutani.

Nikamwambia Kavira, Kavira akamwambia Muhindo, na jibu likarudi mbio: nyuma ya nyumba ya babake kuna kamionete pacha ya yetu, moteur, yaani injini, ilikufa zamani, kuku wanatagia ndani. Ubavu wa kushoto mzima. Mje muchukue.

Kumbe zamani ilikuwa ikibeba kwaya ya kanisa lao. Na ubavuni, kwa herufi nyekundu kubwa, imeandikwa HALELUYA.

Nilipompelekea Muzee habari, maneno ya ubavuni niliyaacha kwanza.

"Ya Baprotestanti?"

"Ni bati tu, Papa."

"Bati ya Baprotestanti." Akageukia gari. "Kutu iko?"

"Banasema hakuna."

"Banasema! Batu ba Beni banajua kutu? Tutaenda kuangalia."

Tukaondoka asubuhi na Mbusa, kwa kamionete hiyohiyo iliyokunjika. Anayeijua barabara ya Beni hataniuliza kwa nini tulisali njiani.

Papa Muhindo, baba wa bwana harusi, alikuwa anatungoja uani: mrefu, kofia kichwani, suti ya ibada katikati ya juma. Walisalimiana kama watu wawili wanaopokea maiti. Kisha Muzee akaona yale maandishi.

Kuku tu ndio walikuwa wanaongea.

"Na bameandika na H," akasema mwishowe. (Wakuu, sisi Wakatoliki wa huku tunaimba Aleluya, bila H.)

"Hiyo H ni ya kuvuta pumuzi, Papa Kavira," akajibu mwenzake taratibu. "Sisi tunaimba na kifua."

"Njo maana moteur ilikufa."

Nilifumba macho. Nikajua harusi imekwisha hapo. Nilipofumbua, Papa Muhindo alikuwa amejikunja kwa kicheko, kofia iko chini kwenye mavi ya kuku, na Muzee anaiokota huku midomo ameibana ili asicheke.

Kuanzia hapo waliniacha nje ya mazungumzo.

Mbusa alikuwa ametoka kutafuta umeme wa kulehemia, mita yake ya kupimia iko mfukoni mwake. Muzee hana subira. Akatoa rozari, akaivuta juu ya upinde wa gurudumu la ile gari ya kwaya, akashika shanga kwa kidole, akatembea nayo mpaka kwenye gari yetu kulinganisha.

"Papa Kavira," mwenzake akauliza, "Maria naye ni toliye?"

"Alikaa nyumba moja na seremala. Vipimo anavijua."

Vipimo vikakubali.

Wakaingia chini ya gari wote wawili, na ile suti ya ibada. Nikasikia wanabishana juu ya springi, juu ya mlima gani unamaliza clutch, juu ya nani alidanganywa zaidi na makanika. Halafu Papa Muhindo akasema kwa sauti ya chini, "Batoto banataka niiuze kwa kilo, kama chuma ya bure. Siwezi."

Muzee alipotoka chini ya gari, alimpanguza mwenzake vumbi mgongoni kwa mkono wake mwenyewe.

Mbusa akafanya kazi. Akatoboa pointi za kulehemu moja moja, akautoa ubavu wa pacha, akaukata ule wetu uliooza, akashikiza mpya kwa pointi chache kwanza. Mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Akalegeza, akasukuma kwa bega, wazee wawili wakitoa amri zinazopingana. Ukafunga. Hapo ndipo akalehemu moja kwa moja.

Ikabaki rangi. Muzee alikataa kijani zote za Beni: hii ya chupa, hii ya jeshi, hii ya mgonjwa. Akasema tungoje kijani yenyewe. Ila akachukua brosi akafunika H. Ikabaki ALELUYA.

"Unaibatiza bati yangu mara ya pili!" Papa Muhindo akalia.

"Kubatiza mara ya pili ni kwenu. Sisi tunapakaa tu."

Wakati wa kuagana, Muzee akasema akiwa ameshakaa kwenye kiti, macho mbele: "Siku ya harusi uniwekee kiti karibu. Nisikie hicho kifua yenu."

Wakuu, niliwasha gari kabla hajabadili mawazo, na Kavira hakuambiwa, maana Muzee angeweza kugeuka.

Siku ya harusi Kavira alikuwa anavalishwa nyumba ya shangazi yetu, palepale Beni. Akaona dirishani ubavu wenye herufi nyekundu unaingia uani. Alijua wa kwetu ungepakwa kijani, akadhani ni gari ya baba mkwe imefufuka, akaendelea na kilemba chake. Halafu akasikia mlango wa abiria unapigwa mara mbili, maana mlango wa Muzee haufungi mara moja. Alitoka mbio bila viatu. Alimshika Muzee koti, na Muzee akawa anamwambia tu, "Utachafua nguo, mutoto, utachafua nguo."

Akamfikisha mbele. Na kwenye wimbo wa pili akaimba besi bila kitabu, kwa kifua.

Mwaka ukageuka. Nikapata kijani yenyewe Kasindi, nikampelekea. "Weka kwanza pembeni," akasema. Parokiani wanamtania kila Jumapili, wanamwita mchungaji. Hajali.

Ikafika Jumatano ya Majivu. Kwetu, wakati wa Kwaresima, neno Aleluya haliimbwi mpaka Pasaka. Asubuhi nikamkuta Muzee anafunga turubai juu ya ubavu wa kushoto, anakaza kamba kwa goti.

"Papa, mvua hakuna."

Akaniangalia kama mtoto asiyefundishwa. "Ni Kwaresima."

Viazi vyote vya Lubero siku zile vilikuja na gari iliyofunikwa upande mmoja. Asubuhi ya Pasaka akafungua kamba mwenyewe, akampigia simu Papa Muhindo, akamwambia neno moja. Nilisikia vizuri. Alilitamka na H.

Nilichojifunza: watu wazima ukiwaambia wapatane, watakataa. Wape kitu cha kubishania chini ya gari.

Haya, uwanja ni wenu. Gari ya kwenu imepatanisha nani, imegombanisha nani? Na ubavu wetu wa kulia nao umeanza kutoboka. Mwenye nao aseme. Dini yoyote tunapokea.