Mchanga Uliomvua Mama Kandambili

Fundi wangu nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najenga chumba cha mama uani kwangu Ukonga, ili aondoke kijijini kwetu, chini ya milima ya Uluguru, aje nimtunze. Niliona mchanga unapungua upesi kuliko kuta zinavyopanda. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, nikawa nachora alama juu ya rundo kwa kijiti kila nikitoka kwenda kazini.

"Bosi, mie niibe mchanga niupeleke wapi?" fundi aliniuliza huku akicheka. Kicheko chake nacho nikakitilia shaka.

Mama alikuja kukiona chumba chake. Fundi alimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasimama mbele ya rundo. Akachota mchanga kiganjani, ukameremeta. Akavua kandambili. Nilidhani miguu inamuuma. Aliinama kwenye mabaki yaliyokataa kupita kwenye chekeche, akaokota kigae cha chungu kidogo, ukingo wake umechapwa kwa ukucha wa kidole gumba.

Kwetu mto unashuka mlimani kwa hasira, halafu mahali pamoja unatulia na kufanya bwawa. Hapo haingii mtu na viatu. Mwanamke wa ukoo wetu akitaka mtoto hufinyanga chungu kidogo, akachapa ukingo kwa ukucha wake, akakiacha humo majini. Mama aliacha cha kwake kabla sijazaliwa.

"Umeutoa wapi huu?"

"Mchanga wa mto tu, mama. Mito iko mingi."

Hata mwenyewe sikuyaamini maneno yangu. Niliuchagua kwa sababu ni msafi, na dereva wa lori sikumwuliza kitu. Mimi, ninayemhoji muuza nyanya wa Buguruni zimetoka shamba la nani.

Nikampigia mjomba kijijini. "Malori ya mchanga yanashinda humo mtoni kutwa," alisema. "Bwawa limebaki shimo. Tumepiga kelele weee, nani atusikie?"

Nilitamani mwizi awe fundi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama alikaa chini, akavuta chekeche, akaanza kulichambua rundo kiganja kwa kiganja, vigae akivifunga kwenye pindo la kanga. Niliposhika beleshi nimsaidie, alilikinga rundo kwa mikono miwili.

"Wewe kaa huko," alisema, kisha akamwita fundi aje amsaidie.