Mbuzi wa Mjomba na Mwani Wangu

Mbuzi wa mjomba walikuwa watatu, na nilipowakuta walikuwa wamepanda juu ya kichanja changu kama wageni waliokaribishwa. Mwani uliobakisha jua la siku moja tu ukauke ulikuwa vinywani mwao na chini ya kwato zao. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka majini, nguo zimelowa hadi kiunoni, kichwani nina gunia la mwani mbichi. Nililitua gunia mchangani. Sikupiga kelele. Wanaonijua hawaliamini hilo, lakini ni kweli. Niliwaswaga mmoja mmoja hadi kwenye banda langu la kuwekea kamba, nikafunga mlango kwa komeo.

Kijiji chetu kiko upande wa Shimoni, karibu na Kibuyuni, na wanawake wa huku tunalima baharini. Maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, tunaingia na kamba zetu, tunazifunga kwenye vigingi tulivyovipigilia chini, na kwenye kila kamba tunafunga vipande vya mwani ili vikue. Ukishakua tunauvuna, tunauanika kwenye vichanja ufuoni, na ukishakauka linakuja lori la mnunuzi. Mgongo unaouma ni wetu, macho yanayowasha kwa chumvi ni yetu. Samaki wa tafi wakiula mwani kule majini, hiyo ni kudura ya Mungu, sina ugomvi na tafi. Lakini mbuzi wana mwenyewe.

Na mwenyewe alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama yangu wa tumbo moja. Mama alifariki nikiwa msichana mdogo, na mjomba ndiye aliyenichukua, akanisomesha chuo cha Kurani na shule, akanifanyia karamu ya harusi ambayo watu waliizungumzia mwaka mzima. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kuchezewa. Akisema, amesema. Mpwa kumfungia mjomba mbuzi ni jambo ambalo hata wazee walisema hawajapata kulisikia. Mimi nilikuwa nimeshamwambia, si mara moja: mjomba, wafunge hawa mbuzi. Akawa ananicheka. Watu husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na hawa wa mjomba kamba hawakuwa nayo kabisa.

Alasiri ile ile nilikwenda kwa naibu wa chifu kutoa habari, maana nilijua kwamba ukimzuia mnyama wa mtu kimyakimya unajitafutia balaa. Naibu wa chifu wetu ni mtu mpole, wa makamo, anayependa kila ugomvi uishe kabla chai haijapoa. Alinisikiliza, kisha akanieleza kanuni ilivyo. Mnyama akiingia shambani akala mazao, mwenye shamba ana haki ya kumzuia, mradi amlishe na kumnywesha. Mwenye mnyama analipa fidia, ndipo anamchukua.

"Basi vizuri," nikasema. "Nimemzuia."

"Ngoja, mama. Ukimzuia mnyama ambaye hakula zao la shamba, hiyo inahesabiwa ni wizi wa mifugo."

"Wamekula zao la shamba."

"Wamekula mwani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kunihurumia.

Akapiga simu mbele yangu, ili nisimwone hataki kunisaidia. Bwana wa kilimo akajibu kwamba yeye ni wa mahindi, mihogo na minazi. Mwani ni wa bahari, waulizwe watu wa uvuvi. Bwana wa uvuvi akajibu kwamba mwani ni wake, lakini ugomvi wa mbuzi haumhusu, hajaona samaki aliyeliwa na mbuzi. Bwana wa mifugo akajibu kwamba mbuzi ni wake, na kama hawaumwi yeye hana neno. Habari ya mazao aulizwe bwana wa kilimo. Naibu wa chifu akaiweka simu mezani, akaniangalia kama mtu aliyezungushwa akarudi mlangoni kwake.

Hapo ndipo nilipojua nimesimama wapi. Kama mwani ni zao, mimi ni mkulima aliyeliwa shamba lake. Kama si zao, mimi ni mwizi wa mbuzi, tena mwizi wa mbuzi wa mtu aliyenilea, na polisi hawako mbali. Pa katikati hapakuwepo. Naibu wa chifu akaitisha baraza siku ya Ijumaa baada ya sala, akanisihi niwafungue mbuzi kwanza, kwa heshima. Nikamwambia heshima yangu yote iko pale pale, na mbuzi pia watakaa pale pale.

Sasa, katika wale watatu mmoja alikuwa mbuzi wa maziwa, mweupe, mbegu ya bara, ambaye mjomba alimnunua Ukunda na kumleta kwa tuktuk huku amempakata. Mjomba hanywi chai isiyo na maziwa ya mbuzi huyo. Asubuhi ya kwanza nilipoingia bandani nilimkuta analia kwa kujaa. Nilimkama. Nikatazama yale maziwa, yakipoa kwenye sufuria yangu, na nikaona wazi kwamba hayakuwa yangu hata tone. Nilikuwa nimewazuia mbuzi, sikuwa nimewachukua. Nikayatia kwenye chupa, nikajifunga buibui, nikaenda hadi kwake.

"Hodi! Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alijibu kwa sababu salamu ni salamu. Alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha chai nyeusi mkononi.

"Maziwa yako haya."

Akaiangalia chupa, akaniangalia mimi. "Na mbuzi wangu?"

"Wazima, alhamdulillahi. Wamekula majani, wamekunywa maji."

"Wafungue."

"Ijumaa, mjomba."

Mkaza mjomba, mkewe, alitoka jikoni akaipokea chupa. Alikuwa amejiuma mdomo ili asicheke. Nikaaga kwa adabu, nikarudi kukata majani.

Nikafanya hivyo kila siku hadi Ijumaa. Nilikata majani kabla ya jua kali, nikateka maji, nikakama, nikapeleka. Shikamoo, marahaba, maziwa yako, wafungue, Ijumaa. Kijiji kizima kilijua. Wapo walioniona mwendawazimu, na wapo walioniita mtovu wa adabu, mimi ambaye kila asubuhi nilimwamkia! Wenzangu wa mwani nao waligawanyika. Mmoja aliniambia heri nusu shari kuliko shari kamili, nimrudishie mzee mbuzi wake niombe radhi, kwa sababu nikishindwa nitakuwa nimeshindwa kwa niaba yao wote, na baada ya hapo kila mbuzi wa pwani hii ataijua njia ya vichanjani. Maneno yake yalinitia hofu, sitaficha. Usiku ule nililala kidogo. Lakini hofu haikunifanya niwafungue.

Ijumaa watu walikuja wengi kuliko wanaokuja baraza likihusu barabara. Tulikaa kwenye uwanja wa ghala la mwani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mjomba alikuja na kanzu yake ya sala na fimbo yake. Alisema vizuri, mjomba siku zote anasema vizuri.

"Shamba," alisema, "lina mipaka. Lina minazi ya mpakani, lina jirani. Bahari haina mpaka, wala haina mwenyewe. Mwani ni majani ya bahari. Tangu nizaliwe naona mwani unatupwa ufuoni, mbuzi wanaula, na hajatokea mtu akasema ameibiwa. Leo mwanangu amenifungia mbuzi kwa sababu ya takataka za maji."

Watu walicheka. Mimi nilisimama nikiwa nimekasirika, na nilisema kwa hasira, siwezi kudanganya kwamba nilisema kwa hekima.

"Mwani uliotupwa ufuoni umetupwa na maji. Wangu umetupwa na nani? Nani aliyeupanda, nani aliyeufunga kamba, nani aliyeuvuna, nani aliyeubeba kichwani? Kama ni takataka, lori linakuja huku kuzoa taka? Mihogo yako, mjomba, nikileta mbuzi wakaila, utaniambia ni mizizi tu ya ardhi?"

Hapo wanawake ndio waliocheka. Naibu wa chifu aliinua mkono kututuliza. Ndipo mjomba akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka fimbo chini, akasema kwa sauti ya chini, sauti ile ile aliyokuwa akinibembelezea nilipokuwa mtoto:

"Huyu ni mwanangu. Sikumbuki kama nimepata kumnyima kitu. Basi achukue mbuzi mmoja, lile dume jekundu, nampa kwa moyo mweupe. Mambo yaishe."

Watu walishusha pumzi. Wengine walisema mashaallah. Wanaume wa mbele walishaanza kuinuka, maana dume lile lilikuwa na thamani kuliko mwani wote ulioliwa, na nani angekataa? Wenzangu walinitazama kwa macho ya kuniambia pokea.

Nilijua alichokuwa akikifanya. Zawadi haina kosa nyuma yake. Mjomba anampa mpwa, mpwa anashukuru, na jambo linakuwa la ukoo, halina habari tena na shamba wala fidia. Kesho mbuzi waliobaki wanapanda kichanja cha mwenzangu ambaye hana mjomba mwenye mbuzi, naye ataambiwa mwani si shamba. Nilimpenda mzee yule pale pale, na nilitamani nipokee ili aniangalie tena kama zamani.

"Ahsante, mjomba," nikasema. "Sipokei."

"Hupokei?"

"Sikuja kuomba. Shamba langu limeliwa. Nilipe, hata kama ni kidogo kuliko mbuzi."

Alisimama na uso umebadilika. Sijamwona hivyo kabla wala baada. "Basi kama si mpwa wangu, ni mwizi," alisema. "Nataka polisi waitwe. Mbuzi wangu wameibwa."

Sikukaa chini. Naibu wa chifu alikuna kidevu, halafu akauliza polepole:

"Mzee, maziwa yalikuwa yanakuja?"

"Maziwa gani?"

"Ya mbuzi wako. Nasikia yalikuwa yanaletwa kila asubuhi."

"Yalikuwa yanakuja," mjomba akasema.

"Uliyapokea?"

Mkaza mjomba ndiye aliyejibu kutoka mkekani, bila kuinua kichwa: "Aliyapokea na aliyanywa. Na juzi alilalamika kwamba ni machache."

Kicheko kilichopigwa siku ile nadhani kilisikika Shimoni. Hata watu wa mjomba walicheka. Naibu wa chifu alingoja kitulie, akasema kwamba mwizi haleti maziwa, na aliyeibiwa hayanywi akangoja mengine. Mzee alijua mbuzi wako wapi, kwa nani na kwa sababu gani, akakubali kutunziwa. Kwa hiyo walizuiwa kwa haki. Na kama walizuiwa kwa haki, basi walikuwa wamekula zao la mtu. Alipe fidia kwa bei ya mnunuzi wa mwani. Halafu, kwa kuwa hapendi mtu aondoke amenuna, akanishauri na mimi nizungushie vichanja ugo.

"Sitaweka," nikasema. "Mwenye mbuzi ndiye afunge mbuzi."

Mjomba alilipa pale pale. Haikufika hata nusu ya bei ya lile dume. Alinitilia pesa mkononi bila kunitazama, akasema, "Umekataa mbuzi ukachukua hii?" Nikamwambia nimechukua haki yangu. Wasemao mnyonge hana haki, nadhani hawajapata kumfunga mbuzi. Nililifungua banda, mbuzi wakatoka wamenona kuliko walivyoingia, mjomba akawaswaga kwenda kwake. Nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda na kwa sababu alikuwa amenipa mgongo.

Baada ya hapo maziwa ya kupeleka yalikuwa hayapo, lakini asubuhi nilikwenda hivyo hivyo. Shikamoo, mjomba. Marahaba, akawa anajibu akiutazama ukuta. Sikuomba radhi, wala yeye hakuniomba. Mbuzi wake aliwafunga kamba, hilo niliona. Ilikaa hivyo bamvua moja, ikaja nyingine.

Siku moja nilikuwa majini nafunga mbegu mpya nikasikia kelele ufuoni. Ng'ombe wa mtu wa bara ya juu, waliokuja kutafuta malisho wakati wa kiangazi, walikuwa wameingia kwenye vichanja. Na aliyekuwa akiwapigia kelele alikuwa mjomba, kanzu ameikunja, fimbo juu. Mwenye ng'ombe alikuja mbio akimwambia, "Mzee, tulia, hayo si majani ya bahari tu?"

"Nani aliyekudanganya hivyo?" mjomba akafoka. "Hili ni shamba la watu!"

Nilitoka majini nikikimbia kadiri maji yalivyoniruhusu. Nilipofika, mjomba alikuwa ameshawaswaga ng'ombe wawili hadi kwenye banda langu, na mlango ameushikilia kwa mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile alinitazama usoni.

"Lete komeo," akaniambia. "Na huyu mwekundu ana maziwa. Asubuhi mpelekee mwenye ng'ombe maziwa yake."