Jiko Alilolikandika Mama

Wiki iliyopita, hapa Ruangwa, nilimwona jirani yangu akikandika jiko lake la kuni, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikanirudisha Kiegei, jikoni kwa mama.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mama alizoa majivu yote, akakwangua masizi ukutani, kisha akaanza kuziba nyufa za mafiga kwa udongo wa kichuguu. Kuni za mkorosho alizipanga pembeni, kavu tupu. Mimi nilimchotea maji huku nikiimba, maana kwetu jiko lilikandikwa hivyo sikukuu ikikaribia.

"Mama, kuna nini?"

"Kesho anakuja mgeni."

Nikawaza wali na kuku. Mama aliulainisha udongo kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Asije akasema nimemwachia uchafu," alisema. Machozi yalimlengalenga, nami nikadhani ni moshi, ingawa moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Baba alichungulia mlangoni. "Litakauka mpaka kesho?"

"Litakauka."

Nilifurahi kuona hata baba ana hamu na mgeni.

Kulipokucha mama alifunga nguo zake kwenye kanga, akarudi kwao Nandagala. Mimi baba alinikataza nisiende naye. Jioni mgeni akafika, mwanamke nisiyemjua, godoro lake limefungwa kwenye baiskeli. Akawasha moto udongo ukiwa bado mbichi kwa ndani, jiko likapasuka, na baba akasema mama hakujua hata kukandika.

Mgeni yule hajaondoka hadi leo.