Sinia Kichwani Juu ya Kichochoro

Mwaka jana binti yangu alinipeleka Dubai, na kama ilivyo kawaida ya watoto wa siku hizi, hakuniuliza ninataka kuona nini. Alinipandisha kwenye lifti ya ghorofa moja refu, masikio yakaziba, yakazibuka, yakaziba tena, mlango ukafunguka, nikajikuta kwenye ukumbi wa kutazamia mji ambao sehemu ya sakafu yake ni kioo. Kioo, ndugu yangu! Chini ya viatu vyangu magari yalikuwa kama punje za mchele. Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani, nikamwambia binti yangu aende akatazame kwa niaba yangu, mimi nitamshikia mkoba.

Wengine huogopa mende, wengine polisi. Mimi naogopa juu, na nimeogopa tangu nipate akili. Lakini binti yangu alininyooshea mkono akaniomba tupige picha moja tu, yeye na mimi, pale pale kwenye kioo, kwa sababu hatukuwa na picha yetu wawili tangu aolewe. Ningemkatalia vipi? Nikapiga bismillahi, nikainua kidevu, nikanyoosha shingo, nikatembea macho mbele kama niliyebeba kitu kichwani. Tukapigwa picha. Akaitazama, akacheka: "Mama, mwendo huu nani alikufundisha?" Nikamwambia tukae kwanza, maana habari yenyewe haisimuliwi kwa kusimama. Na wewe kaa, nikusimulie.

Wakati ule nilikuwa mtoto, tukiishi Moroni, kisiwani Ngazija, kwenye nyumba ya kupanga pembeni mwa barabara iendayo Itsandra. Baba alikuwa karani wa serikali. Mama, mzaliwa wa Mutsamudu, alikuwa amemfuata kazini kwa shingo upande, kwani kwao, kisiwani Nzwani, mwanamke haondoki kwenye nyumba yake. Mwanamume ndiye anayehamia. Mimi nyumba ile niliipenda kwa sababu haikuwa na juu. Ilikuwa na kuta za mawe meusi, bati, na mshelisheli uani ambao wenzangu waliupanda huku mimi nikiokota chini. Mpaka leo nikisikia harufu ya shelisheli likichomwa kwenye makaa, namwona mama amechuchumaa akiligeuza kwa vidole vyake visivyoungua.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wale askari wa Kizungu waliokuja na bunduki wakabadilisha serikali, kisha wakabaki kuilinda. Gari lao likipita, wanaume weupe wenye magwanda meusi, baba alipunguza sauti ya redio hata kama redio yenyewe ilikuwa ikisoma Kurani, na mama alituita ndani. Hakuna aliyetueleza sababu. Tulijua tu kwamba wale si watu wa kukaziwa macho.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililowafurahisha wanawake wa kwetu. Utawala uliotangulia ulikuwa umezipiga marufuku harusi kubwa, na mama mdogo wangu, kitinda mimba wa kwao, alikuwa amechumbiwa akangoja, akangoja, nguo zake za harusi zimelala sandukuni pamoja na karafuu za kufukuza nondo. Serikali ilipobadilika, harusi zikarudi. Habari ikafika Moroni kwamba ya mama mdogo imepangwa, na kwamba amenichagua mimi, si mwingine, niketi kando yake nimpepee yeye, wakati bwana harusi atakapoingia nyumbani. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kabla hatujahamia Moroni. Nilimpenda kuliko watu wote, na nilikuwa sijamwona tangu meno yangu ya mbele hayajang'oka.

Tulipofika Mutsamudu ndipo nilipoona balaa lililonisubiri. Kama hujafika kule, jua kwamba ule mji mkongwe ni miji miwili. Wa chini ulikuwa wa wanaume: vichochoro vyembamba vyenye kivuli, misikiti, maduka, makuli wakirudi kutoka bandarini. Wa juu ulikuwa wa wanawake. Nyumba za mawe zimesongamana, na juu ya vichochoro walijenga vivuko vya mawe na boriti kutoka paa hadi paa, kile ambacho watu wa Lamu hukiita wikio. Mwanamke aliweza kuomba chumvi, kumjulia hali mzazi, kuteta kidogo na kurudi jikoni kwake bila unyayo wake kugusa barabara. Juu kule karafuu zilianikwa kwenye mikeka, nywele zilisukwa, nyuso zilipakwa liwa. Mtoto wa kike anayeogopa juu, Mutsamudu, hana mashoga.

Nyumba ya mama mdogo, ambayo babu alianza kuijenga tangu siku alipozaliwa, ilikuwa ng'ambo ya kichochoro, imeungana na ya bibi kwa kivuko. Kiukuta cha pembeni kilimfika mtu mzima magotini. Na kwa desturi ya nyumba yetu, mlango wa barabarani wa nyumba ya bi harusi haufunguliwi mpaka bwana harusi aje aupite. Kabla ya hapo kila kitu huingilia juu: magodoro, vyungu, ndugu, hata bi harusi mwenyewe. Kwa hiyo asiyeweza kuvuka hakai kando ya bi harusi, basi.

Nilijaribu siku ile ile. Niliweka mguu mmoja, nikaona kofia ya mtu inapita chini yangu. Nilirudi kwa kutambaa. Binamu yangu wa kike, aliyenizidi kidogo kwa kimo na sana kwa maneno, aliwaita wenzake waje waone: "Mtazameni Mngazija! Huko Moroni mnatembelea matumbo?" Tangu hapo akawa anafanya mazoezi ya kupepea mbele yangu, taratibu, mkono umelegea kama wa bibi mkubwa. Jirani alinishauri nifumbe macho. Nikafumba, nikahisi mji mzima unayumba. Mama aliniahidi bangili. Bibi, ambaye sote tulimwita koko, hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba nikishindwa siku yenyewe, yule binamu atakaa mahali pangu, kwa sababu harusi haiwezi kumngoja mtoto. Pilau ya siku zile niliila bila kuisikia ladha.

Siku ikafika. Mama mdogo alikuwa ameshavushwa tangu alfajiri. Alasiri wanawake walijaa juu ya paa, shiromani zao nyekundu, zile shuka ambazo mwanamke wa Nzwani hujitanda, zikiwa zimetupwa kando kwa sababu ya joto. Nyuso za liwa, vichwa wazi, vigelegele vikijibizana na ngoma ya wanaume kule chini. Binamu alikuwa na kipepeo cha ukili mkononi, tayari kwa kupepea. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye mkeka wa karafuu, machozi yakiwa karibu.

Koko akatokea jikoni na sinia ya mkate wa mchele, bado ina moto, inanukia iliki na nazi. Alisokota kitambaa akafanya kata, akaiweka kichwani mwangu, kisha akanitwika sinia.

"Huu ni wa bwana harusi," akasema. "Ukitazama chini unaanguka, naye atalala na njaa nyumbani mwetu."

"Koko, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Nimekwambia usiniangushie mkate wangu."

Akanielekeza kwenye kivuko, mikono yake mabegani mwangu. Nami, ndugu yangu, nilitembea. Nilikuwa na kazi nyingi mno za kufanya hata nisiweze kuogopa vizuri: shingo isipinde, sinia isiteleze, jasho lisiniingie machoni. Chokaa chini ya nyayo ilikuwa na moto wa jua. Mbele yangu niliuona mlango wa mama mdogo, na pazia, na mkono wake wenye hina ukinipungia. Katikati ya njia nikahisi mikono ya koko imeniachia. Nyuma yangu zikasikika kelele zilizokatizwa ghafla, vishindo vya miguu, kisha kimya. Hata ngoma ilinyamaza. Nilitaka kugeuka, lakini ningegeukaje na sinia kichwani? Nikaendelea mpaka mikono ya mama mdogo ikaipokea sinia na kunivuta ndani.

Akaiweka chini, akanishika mabega. "Hukumwona?"

"Nimeuona mlango wako tu," nikamjibu.

Kumbe mamluki mmoja, aliyeshuka bandarini na kutaka kuutembelea mji, alikuwa amepotea kwenye vichochoro kama wanavyopotea wageni wote. Alitokeza chini ya kivuko chetu, akainua uso. Wanawake wale, vichwa wazi, wakajitupa nyuma ya viukuta, koko akiwa wa kwanza. Nikabaki mimi peke yangu, kati ya mbingu na bunduki, nikipita na mkate. Wanasema yule mtu alivua kofia yake, akajibana ukutani mpaka nikamaliza kuvuka, kisha akauliza kwa ishara njia ya bandarini. Wanaume hawakujua la kufanya, wakampa sahani ya pilau, kwa kuwa harusini hafukuzwi mtu. Akala amesimama, bunduki mgongoni, akaenda zake.

Basi nikawa shujaa. Mtoto wa Moroni amempita mamluki bila hata kumtupia jicho! Binamu alinikabidhi kipepeo mwenyewe, bila kuambiwa. Habari ilifika mtaa wa Hombo kabla ya magharibi, na ilipopanda hadi Patsy, kule mlimani, walikuwa wameshakuwa mamluki watatu nami nimewatemea mate. Sikubisha. Kwamba nilikuwa nimevuka juu ya kichochoro, hakuna aliyelitaja hilo hata mmoja, maana kwao kuvuka si habari. Ni koko tu aliyekuja akanifinya sikio: "Na juu je?" Nikamuuliza juu gani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Bwana harusi aliingia na joho lake, marashi yakanyunyizwa, nami nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Mama mdogo, ambaye hakuruhusiwa kuinua macho wala kutabasamu, alinishika mkono chini ya shiromani yake na hakuuachia. Sijawahi kufurahi hivyo tena, na nimeolewa, na nimezaa.

Kila likizo baada ya hapo nilivuka, sinia au bila sinia, kidevu juu. Woga haukuniondoka, ila tulizoeana. Nilitokeza kwa mama mdogo bila hodi, naye, bila hata kugeuka kutoka kwenye chungu chake, alisema, "Ndizi zipo hapo, kula."

Kutoka Dubai nilipitia Mutsamudu. Koko alishafariki zamani. Binamu yangu yuko Marseille na sauti yake sasa naisikia kwenye simu. Mapaa yamepandishiwa vyumba vya matofali na matangi ya maji, na kivuko chetu hakipo. Boriti zilioza, wakakibomoa kabla hakijamwangukia mtu. Wasichana wanapita barabarani, mikoba begani, wanacheka kwa sauti, na wallahi siombi warudishwe juu. Lakini nilisimama pale chini nikatazama mbingu ilipokuwa njia yetu, na nilisikitika, siwezi kusema uongo.

Kisha nikafanya kile ambacho sikuwahi kufanya. Nikaenda kwenye mlango wa barabarani, nikabisha. Nikasikia ndara zinakuja polepole, zikasimama upande wa pili, na sauti ya mama mdogo, nyembamba sasa, ikauliza:

"Nani?"

Miaka yote ile niliyoiingilia nyumba ile kwa juu, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilibaki na kiganja changu juu ya ubao.