Pua ya Fundi

Gari aliloniachia marehemu baba limenizidi umri, na likigoma kuwaka fundi wangu mzee huanza na moto kabla ya mafuta. Hufungua plagi moja, huirudisha kwenye waya wake, huigusisha kwenye chuma cha injini, kisha huniambia nipige stata huku yeye ameinama kuangalia cheche. Ikitoka, huguna: "Moto anao. Bibi huyu ana kiu tu."

Jana alianza na mafuta. Alichomoa mpira wa petroli, akauzibua, akaurudisha kwenye kabureta na kupiga pampu kwa mkono. Gereji ilinuka hadi macho yakaniwasha. Yeye akashika plagi. "Haya mwanangu, washa." Niliuachia ufunguo. "Mzee, na hiyo harufu?" "Harufu gani tena? Wewe na woga wako!" Alicheka, akainamisha pua kwenye injini, akavuta pumzi mara tatu. Chini ya kidevu chake mpira ulikuwa unadondosha petroli, tone baada ya tone. Nilipomwonyesha, alilowesha kidole, akakinusa, akakinusa tena, kisha akakionja. Kicheko kikamkauka. "Tangu lini, mzee?" Alichomoa waya wa betri, akachungulia mlangoni kama mwizi. "Usimwambie mtu, nakusihi. Kaa hapa karibu, unisikilizie harufu mpaka nimalize." Nilikaa. Nje, wenye magari mengine matatu walikuwa wakimngoja.