Sauti Niliyoombwa Kuificha

Kwanza nililaumu waya. Mzee alikuwa anarekodi wimbo wa nne, na kwenye hedifoni zangu kila neno alilolivuta lilimalizika kwa mkwaruzo mdogo, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Nilimwomba asubiri. Nikabadilisha waya, nikabadilisha maikrofoni, nikazima feni. Mkwaruzo ukabaki. Mwishowe nikamwita mpiga gitaa asimame mahali pa mzee ahesabu moja mpaka kumi. Sauti yake iliingia safi kabisa.

Nilimwambia mzee mitambo imekaa sawa, tuendelee. Mpiga gitaa alinitazama, kisha akainama na kujifanya anakaza nyuzi.

Studio yangu iko Kansanga, juu ya duka la vifaa vya mabomba. Nilitoka Nakuru kuja Kampala kutengeneza matangazo ya redio, nikabaki, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kwaya za makanisa. Mzee alikuja mwenyewe bila kutumwa na mtu, daftari kwapani, akauliza kama naweza kurekodi muziki wa kantri bila kuuharibu kwa ngoma za kompyuta. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Ujanani aliendesha malori kutoka Mombasa mpaka Kampala, akajifunza kantri kwa kanda ambazo madereva walikuwa wakiazimana. Alipooa huku aliliacha lori, na kwa miaka thelathini akaimba kwenye mahoteli kila Jumamosi. Kaseti yake ya kwanza, ambayo pia ilikuwa ya mwisho, mama yangu alikuwa nayo. Aliicheza akipiga pasi sare zetu za shule. Kwa hiyo niliijua sauti ya mzee kabla sijaijua sura yake.

Sasa alitaka albamu nzima. Nyimbo kumi kwa Kiswahili, zote alizitunga yeye.

"Nimeimba nyimbo za wenyewe maisha yangu yote," aliniambia. "Hizi ni zangu."

Kesho yake baada ya mkwaruzo ule nilimkuta kwenye ngazi akijifuta mdomo. Alikunja leso haraka, lakini nilikuwa nimeona damu. Akaketi palepale kwenye kidato na kunieleza, kwa sauti ya chini, bila kujihurumia. Daktari alikuwa ameona uvimbe kooni, kwenye kisanduku cha sauti. Walitaka kumpasua, na wakamwambia wazi kwamba huenda wakalazimika kukiondoa kisanduku chenyewe. Akipona atakuwa hai bila sauti. Walimpa tarehe. Aliiacha ikapita, naye akamdanganya mkewe kwamba ni kipimo kidogo tu na hospitali ndiyo iliyokiahirisha.

"Nimebakiza nyimbo sita," alisema. "Mama kule nyumbani akijua leo, kesho niko kitandani. Nakuomba kitu kimoja tu, binti yangu. Nyamaza mpaka nimalize."

Nikamwahidi. Nilijiambia kwamba mwili ni wake na koo ni lake. Leo nikikumbuka, naona pia kwamba niliitaka albamu ile. Tangu nifungue studio sikuwahi kurekodi kitu ambacho nilijua kitadumu.

Mkewe alikuwa askari polisi mstaafu. Walikaa Naguru, karibu na kambi alikofanya kazi, na kila adhuhuri alikuja na supu ndani ya chupa ya chai kwa sababu mumewe alimwambia chakula kigumu kinamsumbua meno. Alikuwa Mganda mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi na cha moja kwa moja. Kila alipokuja aliniuliza jambo lilelile: sauti ya mzee iko namna gani? Nami kila siku nikamjibu kwamba iko vizuri, amechoka kidogo tu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mzee aliimba mstari mmoja, akapumzika, akaimba mwingine. Mimi nilikata mikohozi na kuunganisha vipande. Nilikuwa nikitazama saa. Ikikaribia adhuhuri nilisimamisha kurekodi ili mkewe asije akamsikia mumewe akiimba. Nikaanza kusikia hatua zake kwenye ngazi hata kabla hajafika. Chakula kikanishinda. Siku ya tano tangu nimwahidi, mzee alijaribu kupanda pale juu kwenye kiitikio, na hewa tu ikatoka, bila sauti. Alisimama mdomo wazi mbele ya maikrofoni. Kisha akaniashiria kwa kidole turudie.

Mpiga gitaa alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, akiishi Nateete na familia yake. Alipiga gitaa lile la kulaza mapajani, linaloteleza kwa kipande cha chuma, na alijifunzia kanisani. Jioni ile, mzee alipoondoka, aliniambia, "Dada, ule muzee anakufa mbele yetu, na siye tunamupigia muziki." Nilimjibu kwa hasira kwamba kama anajua la kufanya, alifanye. Akafunga gitaa lake akaenda.

Nilipobaki peke yangu nilifungua rekodi ya siku ya kwanza, kisha ya siku hiyo, nikazisikiliza moja baada ya nyingine. Zilipishana majuma matatu tu. Kila siku masikio yangu yalikuwa yameizoea sauti ilivyoshuka, kidogo kidogo, lakini zilipowekwa pamoja zilikuwa kama za baba na mwana. Niliogopa hasa. Ugonjwa ule ulikuwa unakimbia, na mimi nilikuwa naufungulia njia.

Kesho yake mkewe alikuja mapema kuliko kawaida, mzee akiwa bado hajafika. Akaweka chupa ya supu mezani, akauliza lilelile. Nikajibu lilelile. Hakuondoka. Alivuta kiti akaketi mbele yangu.

"Nyabo," akasema kwa heshima ya Kiganda, "mimi nilihoji watu miaka mingi. Wewe leo umejibu kabla mimi sijamaliza kuuliza."

Nilimpa hedifoni. Nikamchezea rekodi ya kwanza, halafu ya jana, pamoja na mikohozi niliyokuwa nimeikata. Alisikiliza akitazama ukuta. Alipovua hedifoni aliziweka chini taratibu sana, akaniuliza hospitali ilisema nini. Nikamweleza yote.

Mzee alipoingia alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti chake cha kupumzikia. Alielewa mara moja. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," alisema.

Akachukua daftari lake akageuka. Mkewe alimfuata bila kuniaga. Nilisikia viatu vyao vikishuka ngazi, vya mzee mbele, vya mkewe nyuma.

Siku mbili simu ya mzee haikupokelewa, wala ya mkewe. Sikujua kama yuko hospitali, au amekimbilia studio nyingine, au amepatwa na jambo baya zaidi. Niliacha kazi ya kwaya nusu, nikawa nakaa dirishani. Mpiga gitaa alikuja asubuhi zote mbili, akaketi na gitaa lake ndani ya mfuko, tukawa tunasubiri.

Siku ya tatu walikuja wote wawili. Mkewe ndiye aliyenieleza. Hospitali imempa kitanda kwa kesho. Mumewe amekubali, kwa sharti kwamba leo aimbe nyimbo tatu zilizobaki, na yeye mke amekubali, kwa sharti kwamba atakaa ndani, na atakaposema basi, itakuwa basi. Mzee hakunisalimu. Alisimama mbele ya maikrofoni na kufungua daftari.

Wimbo wa kwanza aliumaliza. Katikati ya wa pili umeme ukakatika. Jenereta ya duka la chini ikaanza kunguruma, na sakafu nzima ikatetemeka, haikuwezekana kurekodi. Nilishuka nikamsihi mwenye duka. Alikuwa na wateja, akakataa. Mkewe naye akashuka. Sikusikia alimwambia nini, lakini jenereta ilizimwa, na tukarekodi kwa betri huku nikitazama taa yake ikigeuka kutoka kijani kuwa njano.

Wimbo wa mwisho ulimhusu huyo mkewe. Mpiga gitaa alishusha tuni mara mbili bila kuambiwa, na mzee akauimba karibu kama anaongea. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu alikohoa na leso ikajaa. Akainua mkono kuonyesha ataanza tena ubeti ule. Mkewe akasimama.

"Basi," akasema.

"Mara moja tu, Mama."

"Nimesema basi."

Mzee akanigeukia, kwa mara ya kwanza siku ile. Macho yake yaliniomba niendelee. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na taa ya betri ilikuwa bado njano, ingetosha. Nikabonyeza kusimamisha.

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Alipona. Waliondoa kisanduku cha sauti, na sasa anapumua kupitia tundu lililo shingoni, ambalo mkewe hulisafisha asubuhi na jioni. Nilipokwenda kumwona wodini alikuwa na daftari na kalamu, akiwaandikia wageni wote. Mimi hakuniandikia chochote.

Mkewe alinipigia baadaye kuniambia mzee anataka albamu itoke kama ilivyo. Nilikuwa nimependekeza mwimbaji mwingine amalizie ubeti uliobaki, akakataa kabisa. Kwa hiyo nyimbo tisa ni kamili, na wa kumi unaishia alipoishia, na gitaa linaendelea kidogo kisha linanyamaza.

Miezi mitano baada ya upasuaji walikuja kuisikiliza kabla haijatoka. Mzee alikuwa amekonda, amefunga kitambaa shingoni. Niliwapa viti viwili mbele ya spika. Alisikiliza wimbo wa kwanza macho yamefumbwa, akipiga mapigo kwa vidole kwenye goti la mkewe. Ulipokwisha, nilisimamisha, nikakusanya ujasiri nikamuuliza kama bado ana hasira na mimi.

Alichukua kalamu. Akaandika polepole, akanigeuzia daftari. Alikuwa ameandika: "Ndiyo."

Halafu akalirudisha, akaongeza maneno chini yake: "Cheza wa pili."

Nikaucheza.